Tahadhari kwa wenye gari za kabureta Mbeya: sailensa (injini kukaa ikiwaka bila kukanyaga mafuta) ikisumbua, usikimbilie kununua kabureta

Ndugu zangu wa Mbeya mnaoendesha gari za zamani, kuna fundi maeneo ya Mwanjelwa anauza kabureta (kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa) kuukuu kwa bei ya mpya. Mimi amenila laki mbili na themanini.

Corolla yangu ya 1989, injini ya 2E, ilikuwa inazima kila nikiachia mafuta. Fundi hakusubiri hata injini ipate moto. Akasema kabureta imekufa, ila anayo mpya ya boksi. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi gari inaunguruma bila kuzima, nikalipa, na kabureta yangu akabaki nayo.

Kumbe alinifungia kabureta kuukuu, akakaza skrubu ya sailensa, injini ikawa inakimbia yenyewe. Nilishtuka kwenye mteremko wa Iwambi: nimeachia mafuta, gari bado inasukuma, breki zinanuka. Nilikuwa na watoto ndani.

Mzee mmoja wa Uyole, fundi wa miaka mingi, akaipima: mizunguko 1,600 kwa dakika, wakati gari ya namna hii hutakiwa kukaa kwenye 800 hivi. Kwenye hiyo kabureta “mpya”, chini ya rangi ya fedha ya kupuliza kulikuwa na kutu na alama za koleo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado upo: mpira wa upepo kwenye manifodi (njia ya kuingizia hewa na mafuta kwenye injini) umepasuka, unavuta hewa. Mpira wa elfu tatu!

Kwa hiyo fundi akigusa sailensa, injini iwe imeshapata moto, choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi) imefunguka, taa zimezimwa. Mwambieni akague kwanza mipira. Skrubu ziko mbili: moja inasukuma kipepeo (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ndiyo ya kasi; nyingine ni ya mchanganyiko wa mafuta na hewa. Hiyo ya kasi ikipandishwa sana inaweza kuficha ugonjwa, na ndipo tunapoliwa. Na wanaoleta gari kutoka Dar wajue kuwa huku tuko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi. Moshi mweusi kidogo unarekebishika, si kifo cha kabureta.

Kifaa cha zamani ondokeni nacho. Mimi nimerudi mara mbili kudai changu, naambiwa kimeshauzwa. Aliyeuziwa kabureta ya 2E iliyotumika, yenye mkwaruzo mrefu kwenye mfuniko, tafadhali anijulishe, hiyo ni yangu.