Kaunta buku ya kwaya mbili: inatosha kuendesha mzunguko wa vitabu wa marafiki?

Watu wanane wanaoazimana vitabu hapa Kigoma, kati ya Mwanga, Gungu na Ujiji, hawakosi mapendekezo. Yamejaa tele: kwenye simu, kwenye daladala, hata msibani. Kinachokosekana ni majibu ya maswali mawili. Kitabu chenyewe kiko kwa nani sasa hivi? Na aliyekisoma alisema kinamfaa nani? Bidhaa inayojibu yote mawili haina chaji wala bando, na kila steshenari inayo: kaunta buku ya A4, jalada gumu, kwaya mbili.

Kwaya hapa si ya kanisani. Ni kipimo cha unene: kwaya moja ni kurasa 96, mbili 192, tatu 288, nne 384. Wengi huvutwa na kwaya nne kwa kuwa "itadumu". Iache hapo hapo dukani. Ni nzito kubebwa kutoka nyumba hadi nyumba, mgongo wake huchoka mapema kwa kufunguliwa kila wiki, na siku ikilowa inaondoka na kumbukumbu za miaka. Kwaya mbili inaingia mkobani pamoja na riwaya mbili, na bei yake haifiki ya riwaya moja mpya.

Kabla ya kulipa, ifungue katikati kabisa uangalie bonde la kurasa. Unatafuta uzi. Kaunta buku nzuri imeshonwa kwa mafungu ya karatasi, na katikati ya kila fungu uzi unaonekana wazi. Iliyobandikwa kwa gundi tupu huanza kudondosha karatasi za katikati mara mgongo unapozoea kulazwa wazi. Kisha shika majalada mawili uache kurasa zining'inie. Zikijitenga na mgongo upande wa juu, mrudishie muuzaji. Mwisho zipitishe zote haraka chini ya kidole gumba, maana hutokea fungu zima likashonwa juu chini.

Karatasi yake ni nyepesi. Peni ya jeli huvuja hadi upande wa pili na kufanya kurasa mbili zisomeke kama moja. Tumia peni ya kawaida, ya bluu au nyeusi. Nyekundu waachieni walimu. Kazi ya kwanza baada ya kuivika nailoni ni kuandika namba za kurasa kwenye pembe ya juu, 1 hadi 192, kwa sababu daftari hili haliji na namba. Bila namba faharasa haina kazi, na karatasi ikichanwa hakuna atakayejua.

Mpangilio uliokaa vizuri ni huu. Kurasa 12 za mwanzo ni faharasa kwa herufi ya jina la mwandishi. Zilizobaki 180 ni za vitabu, kila kitabu ukurasa wake. Mistari sita ya juu inabeba mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka wa toleo mlilonalo mkononi, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), mwenye kitabu, na hali yake siku kilipoingia: "jalada limekunjika pembeni, uk. 57 una doa la chai". Mstari huo wa hali umeokoa urafiki mwingi kuliko unavyodhani. Chini yake piga rula safu tano: msomaji, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, alipoishia, na ya mwisho iliyo pana kuliko zote, "mpe nani". Kila msomaji ana mistari mitatu. Wanane ni 24, ukijumlisha na sita ya juu unapata 30. Hesabu mistari ya ukurasa ukiwa dukani. Ikipungua 30, kila mtu apewe miwili.

Kitabu cha tafsiri kiongezewe jina la mfasiri. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, Paradise, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Anayesifia utamu wa Kiswahili chake anamsifia mfasiri, na anayetaka kingine cha ladha hiyo atafute kwanza kwa jina lake. Kitabu cha juzuu mbili kipewe kurasa mbili, moja kwa kila juzuu. Msipofanya hivyo ya kwanza itakuwa Ujiji na ya pili Mwandiga, na daftari litasema kitabu "kimerudi".

Safu ya "mpe nani" ndiyo inayofanya kaunta buku iwe zaidi ya orodha ya wadaiwa. Sharti lake ni moja: neno "kizuri" haliandikwi. Kizuri kwa nani? Aandike kitabu kinamdai nini msomaji na kinamlipa nini. Chukua Kuli ya Adam Shafi, inayohusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Maelezo yanayosaidia yatakuwa hivi: "Mpe anayependa habari za kazi na vyama vya wafanyakazi. Anayetaka mapenzi asipewe, atalalamika." Au Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990: "Kifupi, lakini si cha kusoma safarini. Hadithi haiendi moja kwa moja. Mpe aliyekwisha kusoma vya mwanzo vya mwandishi huyu, tena ambaye hana haraka." Sentensi mbili tatu za namna hiyo zinamwezesha mtu kuchagua bila kupiga simu.

Kinachoiharibu safu hii mara nyingi ni shule. Aliyekisoma kitabu kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne ataandika bila kufikiri "dhamira: ukombozi wa mwanamke, mhusika mkuu: jasiri". Hilo ni jibu la mtihani, halimsaidii mtu kuchagua cha kusoma jioni. Akiombwa ataje tukio moja tu analolikumbuka, basi lugha ya darasani huisha yenyewe.

Tatizo la pili ni kuoneana haya. Daftari linasomwa na wote, kwa hiyo watu hulainisha maneno, hasa mwenye kitabu akiwa mkubwa kwa umri. Hapo ndipo "alipoishia" inaposema ukweli bila kumvunjia mtu heshima. Mtu ameandika "kina mafundisho mengi", lakini kaishia ukurasa wa 43. Wasomaji watatu wakikwama kati ya 40 na 60, wa nne aambiwe mapema kwamba mwanzo ni mzito na kitabu kinachangamka baadaye. Au kisichangamke kabisa, nalo lisemwe.

Kwa safu hiyo ISBN ina kazi zaidi ya urembo. Kitabu kimoja huweza kuwa na matoleo yenye saizi tofauti, na ukurasa wa 60 wa toleo moja ukawa wa 74 wa jingine. Namba zinazoanza na 9976 au 9987 ni za Tanzania, 9966 ni Kenya. Tangu 2007 ISBN ina tarakimu 13 na hutanguliwa na 978, za zamani zina 10. Nakala mbili zikiwa na namba tofauti, andikeni sura badala ya ukurasa.

Sasa muda, ambao makundi mengi hayauhesabu. Siku 21 kwa riwaya ya kurasa 200 ni haki: kurasa kumi kwa siku, kisha siku moja ya ziada ya kukatika umeme. Lakini nakala moja kwa watu wanane ni siku 168, karibu nusu mwaka. Wa kwanza atakuwa ameshasahau majina ya wahusika siku wa mwisho anapofungua ukurasa wa kwanza, na mazungumzo ya pamoja hayawezekani. Kwa nakala mbili ni siku 84, tatu si zaidi ya 63. Kwa hiyo tenganisheni kitabu cha mzunguko, ambacho kila mtu anakisoma kwa wakati wake, na kitabu cha wote, ambacho hakichaguliwi mpaka nakala tatu zipatikane. Uchaguzi ufanywe kwa tiki kwenye ukurasa wa faharasa kabla watu hawajaanza kuongea. Ukianza kwa mjadala anashinda mwenye sauti.

Je, simu haitoshi? Goodreads, mtandao ambako wasomaji hupima vitabu kwa nyota, ilianza 2007 na tangu 2013 ni mali ya Amazon. Ni nzuri kwa jambo moja: kujua mwandishi ameandika nini kingine. Nyota zake ni nzima, moja hadi tano, bila nusu, na kwa maana yao wenyewe nyota mbili ni "si haba" na tatu ni "nimekipenda". Huku kwetu ukimpa mtu tatu kwa kitabu alichokuazima, mnanuniana. StoryGraph, mtandao mwingine wa aina hiyo, inaruhusu hadi robo nyota, jambo linalopunguza ugomvi kidogo. Lakini vitabu vya Kiswahili mara nyingi vina wapimaji wachache mno kwa wastani kuwa na maana, na kutafuta kunataka ujanja: jaribu riwaya ya Adam Shafi, "Vuta N'kuvute", kwa kibainishi ('), kisha bila kibainishi, kisha jina la mwandishi peke yake. Zaidi ya hayo, nyota nne za msomaji wa Chicago hazikuambii nakala yenu iko Katubuka kwa nani.

WhatsApp ni haraka, lakini pendekezo la Jumatatu Ijumaa limeshafunikwa na salamu na matangazo ya michango. Ujumbe unaobandikwa juu ya kundi hukaa siku 30 ukizidi sana. Na kundi lililowasha ujumbe wa kutoweka hupoteza kila kitu baada ya saa 24, siku 7 au 90, kutegemea muda uliochaguliwa. Simu ibaki na kazi moja inayoimudu vizuri: kila mwisho wa mwezi mshika daftari apige picha kurasa zilizoongezwa azitume kwenye kundi. Hiyo ndiyo nakala ya akiba. Kutumiana PDF za vitabu vilivyopigwa picha ni jambo jingine, na si zuri: mwandishi hapati kitu, na picha zenyewe mara nyingi zimekata mistari ya pembeni.

Udhaifu mkubwa wa kaunta buku ni kwamba ipo moja, na inaishi katika nyumba za watu. Hapa Kigoma ina maadui wake. Mawese kwanza: tone moja hufanya karatasi iwe kama kioo, na maandishi ya nyuma yakaonekana mbele. Doa likiwa bichi, mwagia poda ya mtoto, weka karatasi kavu juu, kandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Poda hunyonya sehemu ya mafuta, haimalizi, na doa la zamani halisikii dawa. Pili ni unyevu wa masika. Daftari lililofungiwa ndani ya mfuko wa plastiki likiwa na unyevu huota ukungu mgongoni, kwa hiyo liachwe wazi, lisimame, mbali na ukuta. Mende hufuata gundi, mchwa hufuata chochote kilicholazwa sakafuni. Na lisikae karibu na kapu la dagaa. Karatasi hushika harufu, na harufu hiyo haina poda.

Mshika daftari abadilishwe kila miezi miwili. Akikaa zaidi anageuka afisa mikopo, watu wakaanza kumkwepa sokoni. Kazi yake si kudai bali kupokea: hakipokei kitabu mpaka safu ya "mpe nani" ijazwe pale pale, kwa peni yake, mrudishaji akiwa bado mlangoni.

Watu watatu wanaoonana kila siku hawahitaji yote haya, daftari la mwanafunzi linawatosha. Kundi likizidi kumi na wawili, ukurasa mmoja kwa kitabu hautoshi tena, afadhali mgawanyike makundi mawili yenye kaunta buku mbili na kubadilishana orodha. Kati ya hapo, kwaya mbili ndiyo saizi yake. Ikijaa, msihamishie kila kitu kwenye mpya: hamisheni vitabu ambavyo bado vinazunguka tu. Ya zamani ipewe anayejiunga leo, aende nayo nyumbani, achague humo kitabu chake cha kwanza.