Pawasaplai ya shilingi 35,000, miezi sita baadaye

Pawasaplai ni kile kisanduku cha ndani ya kompyuta kinachoigawia umeme. Hii niliinunua Kariakoo, mpya, ndani ya boksi lisilo na jina la kiwanda ila maandishi makubwa ya wati 500. Nitasema inavyofanya kazi, lakini kwanza niseme nilivyoifikia, maana nilibaki kidogo tu nitoe 140,000 kwa ajili ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, isiyokuwa na ugonjwa wowote.

Nina kisteshenari karibu na shule, Tandika. Kopi, kuprinti, picha za paspoti, kuwajazia watu fomu. Kompyuta ni moja, ya mezani, mtumba wa ofisini. Jumatatu moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena sijachomoa bado, ukarudi. Nikabonyeza swichi. Kimya. Taa hakuna, feni hakuna, hata ule mlio wake wa asubuhi hakuna. Dirishani wanafunzi wanne wanasubiri kopi, mmoja ananiuliza, "Dada, bado?"

Nikaanza na vyepesi. Ekstensheni nikaichomekea chaja ya simu, inachaji. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, na fyuzi ikiungua kwa nje huoni kitu, kwa hiyo nikachukua waya wa monita, unafanana kila kitu, nikauchomeka kwenye CPU, yaani kasha lenyewe la kompyuta. Bado. Nyuma kuna swichi ndogo ya 0 na I. Mtoto wa jirani aliwahi kuizima nikahangaika nusu saa nzima. Safari hii iko kwenye I. Nikachomoa waya, nikashikilia kitufe cha mbele nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani iishe, nikachomeka tena. Wapi!

Fundi wa kwanza alifungua kifuniko, akachungulia akiwa amesimama. "Dada yangu, mazabodi imekwenda na maji hii." Mazabodi 140,000, kucheki elfu kumi. Hakupima chochote, hata maltimita, kile kipimo cha umeme, hakuja nayo. Ile elfu kumi nililipa na inaniuma mpaka leo.

Jioni nikaibeba kwa kijana anayetengeneza redio na subwufa mtaa wa pili. Yeye alianza kwa kuchomoa ile plagi kubwa ya pini 24 na ile ndogo ya pini 4 kutoka kwenye mazabodi, pawasaplai ikabaki peke yake. Akakata kipande cha waya, akakikunja, ncha moja akaitia kwenye tundu la waya wa kijani, nyingine kwenye tundu la mweusi ulio jirani yake. Kwa waya huo wa kijani ndiko mazabodi huiambia pawasaplai iwake. Ukiugusisha na mweusi unaidanganya kwamba mtu kabonyeza swichi. Akawasha ukutani. Feni ikashtuka, robo mzunguko, ikasimama. Akazima, akangoja, akarudia. Robo mzunguko, ikasimama.

"Na mazabodi si unaiona haijaunganishwa?" akasema.

Nilitaka tuifungue tuone kilichoungua, akakataa. Kapasita zake hubaki na chaji hata pawasaplai ikiwa imechomolewa ukutani, akasema yeye mwenyewe zilishamrusha. Nikainusa tu matunduni: plastiki iliyoungua, harufu haijifichi. Akachukua elfu tano. Akanitahadharisha pia kwamba kipimo kile kina upande mmoja: ikikataa, kwa kawaida imekufa, lakini ikiwaka usishangilie, inaweza kuzungusha feni yake vizuri ikashindwa kubeba mzigo.

Sasa bidhaa yenyewe. Kabla hujatoa hela hesabu pini, tena nenda na ile mbovu mkononi. Yangu ilikuwa ya 24 pamoja na ya pembeni ya 4, ndiyo maana hii iliingia. Ziko kompyuta za ofisini za HP na Dell zenye plagi zao, pini 6 au 8, na zile nyembamba zina pawasaplai za umbo lao. Ya kawaida haitakaa. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, hapo nampa haki yake. Dhamana ni wiki moja, na ukibandua stika umeipoteza.

Kuifunga ni skrubu nne. Nikawasha, feni zote zikazunguka, skrini nyeusi tii. Nikakaa chini. Kumbe nilisahau ile plagi ya pini 4, inayolisha prosesa, ubongo wa kompyuta. Kuichomeka tu, Windows hiyo. Shida ni kwamba waya wake ni mfupi: umekatiza juu ya feni ya prosesa, nimeufunga na kamba ya nailoni usije ukaguswa na mapanga.

Zile wati 500 siziamini. Nilishika mpya mkono huu na mfu mkono ule: mfu imeandikwa wati 240, na ndiyo nzito. Kwangu haina neno, kazi ni Word na skana na sijawahi kuona inazima katikati ya kazi, lakini mwenye kadi ya gemu asiiguse. Inavuma pia. Mchana bodaboda wanaimeza sauti, jioni nikibaki peke yangu naisikia.

Na sasa CPU inapitia fridigadi, ile ile ya friji, inayosubiri dakika kadhaa umeme utulie ndipo iruhusu. Wanafunzi wanalalamika. Wasubiri.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama ule waya wa pini 4 ungerefushwa hata kidole kimoja.