Mafunzo ya uhandisi ng'ambo kupitia IAESTE: yanamfaa mwanafunzi wa Malindi?

IAESTE, shirika la kimataifa lililoanzishwa 1948, huwatafutia wanafunzi wa uhandisi na sayansi nafasi za mafunzo kazini nchi za nje. Ubora wake mkubwa ni posho: mwajiri hulipa kiasi kinachokusudiwa kutosha chakula na malazi ya huko. Nauli ya ndege na viza humwangukia mwanafunzi, na hapo ndipo wa Malindi hukwama. Hupiga hesabu ya tiketi, akasahau basi la Nairobi na malazi ya kwenda kutoa alama za vidole za viza.

Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, viza ya siku zisizozidi 90 hudai bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, na pasipoti yenye kurasa 2 tupu, itakayodumu miezi 3 baada ya kuondoka kule. Maombi ya viza hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na hufungwa zikibaki siku 15. Tafadhali usingoje siku hizo! Mafunzo yakizidi siku 90, viza huwa ya nchi yenyewe, kwa masharti mengine.

Kwa aliyezoea kufungua injini za mashua, huduma hii ni nzuri mno. Ila soma tangazo la nafasi hadi mwisho: lugha na programu ya kuchorea wanayoitaka huandikwa humo.