Vita ya Wajerumani katika vitabu viwili: Afterlives na Tip & Run

Vitabu hivi nimevisoma kwa kufuatana. Kama una hela ya kimoja tu, chukua riwaya. Ukiweza tafuta na cha pili, maana riwaya ina pengo lililonisumbua hadi mwisho.

Afterlives ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 2020, mwaka mmoja kabla ya Nobel. Ni pwani yetu, zama za Wajerumani. Hamza anajiandikisha uaskari kwa hiari yake, anakutana na matusi na viboko, kisha ofisa mmoja wa Kijerumani anamfanya mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani. Hapo ndipo riwaya iliponikamata: upole wa yule bwana unatisha kuliko fimbo, kwa kuwa Hamza hajui mwishowe atadaiwa nini. Na Afiya je, binti anayepigwa hadi mkono unavunjika kwa kosa la kujua kuandika! Ila sura za mwisho zinakimbia mno. Habari za Ilyas, kaka yake Afiya, zilistahili kitabu chake peke yake.

Pengo lenyewe ni wapagazi. Kwa kuwa tunamfuata askari, waliobeba risasi na unga wanapita pembeni tu. Edward Paice, katika Tip & Run (2007), historia ya Vita ya Kwanza ya Dunia huku Afrika Mashariki, ndiye anayewapa nafasi. Kwa upande wa Waingereza pekee walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, si kwa risasi. Kadiri jeshi lilivyoiacha reli nyuma, ndivyo walivyohitajika wapagazi zaidi, wengine wa kubeba chakula cha wapagazi wenzao. Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Huku Afrika, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri tarehe 25, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. (Sanamu ya askari pale Dar es Salaam iko peke yake, wenzetu wa Nairobi angalau wamemweka na mpagazi.)

Paice ana majenerali wengi kupita kiasi, na mambo ya manowari niliyapitia juu juu. Msome ukiwa na ramani ya Tanzania mkononi, kwa sababu majina ya Kijerumani yatakupoteza: Neu Langenburg ni Tukuyu, Wilhelmstal ni Lushoto, na Bismarckburg ni Kasanga.