Saiti ya kupanga koleksheni ya magemu: matoleo wamepatia, kategoria zimewashinda

Hii saiti nimeitumia kuorodhesha magemu yangu kwa muda sasa, na kwa kuwa watu wanaulizana sana ipi nzuri acha niseme ninachokijua. Jina siweki, saiti za aina hii ziko kadhaa na zinaigana mno, kwahiyo haya ninayosema unaweza kuyapima kwenye yoyote unayotaka kujiunga nayo. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hizo ilizopata ni za namna inavyotunza matoleo, ilizokosa karibu zote ni za kategoria.

Tuanze na kizuri. Hawa jamaa wametenganisha vitu vitatu ambavyo wengine wanavikoroga: gemu yenyewe, toleo lililouzwa sehemu fulani mwaka fulani, alafu nakala yako wewe iliyoko kwenye shelfu. Unaweza kuona ni maringo tu ya watu wa databesi, ila subiri uingize Final Fantasy VI. Marekani mwaka 1994 iliuzwa kwa jina la Final Fantasy III, kwa sababu kati ya zilizotangulia ni mbili tu zilikuwa zimefika kule, ya kwanza na ya nne, na hiyo ya nne ndo ilikuwa imepewa namba mbili. Saiti isiyojali itaichukua hiyo katriji yako ya SNES (konsoli, yaani mashine ya magemu, ya Nintendo) na kuiweka pamoja na Final Fantasy III ya 1990 ya Famicom (konsoli ya Nintendo ya Japani iliyotangulia hiyo), gemu tofauti kabisa. Hapa unakuta ukurasa mmoja wa gemu, chini yake matoleo yote, kila toleo na jina lililoandikwa kwenye boksi lake. Starwing ya Ulaya inakaa chini ya Star Fox, Probotector inakaa chini ya Contra japokuwa kwenye Probotector wale askari wamegeuzwa maroboti, na ukisachi jina lolote kati ya hayo unafika palepale.

Mimi saiti mpya huwa naipima kwa Super Mario Bros. 2. Ile ya Japani ya 1986 ni gemu moja, ile ya Marekani ya 1988 ni gemu nyingine iliyotengenezwa kutoka gemu ya Kijapani ya Doki Doki Panic, alafu hiyo ya Marekani ikarudi Japani mwaka 1992 ikiitwa Super Mario USA, na ile ya Japani nayo ikavuka 1993 ndani ya Super Mario All-Stars ikiitwa The Lost Levels. Yaani jina moja gemu mbili, na kila gemu ina majina zaidi ya moja. Hawa wamepatia zote, pamoja na kuonyesha kwamba All-Stars ni mkusanyo wenye gemu nne ndani, kwahiyo ukiwa nayo unaulizwa kama unataka hizo nne zihesabiwe au ihesabiwe katriji moja. Hapo nilivua kofia.

Sasa njoo kwenye kategoria uone vituko.

Kwenye orodha ya konsoli, Genesis na Mega Drive wameziweka mbalimbali kana kwamba ni mashine mbili. Ni mashine moja jamani, Sega waliitoa Japani 1988 kwa jina la Mega Drive na Marekani 1989 kwa jina la Genesis. Kwahiyo mtu mwenye katriji za pande zote mbili koleksheni yake inakatwa vipande viwili, na akitaka kujua ana magemu mangapi ya hiyo mashine ajumlishe mwenyewe kwa kichwa. Ungedhani basi ndo msimamo wao, kila jina la sokoni lina kategoria yake. Hapana! Famicom ya Japani na NES, ndugu yake ya Marekani, wameziunganisha. Hizo ambazo katriji yake moja ina pini 60 na nyingine pini 72, huwezi kuchomeka moja kwenye nyingine bila adapta, ndo zimekaa pamoja. Mimi sijali sana wachague njia gani, ya jina au ya mashine, ila wachague moja waishike. Kwa maoni yangu mashine ndo iwe kategoria na eneo liwe kipengele cha toleo, kwa sababu mtu anayesimama mbele ya shelfu lake kitu cha kwanza anachotaka kujua ni hii inaingia wapi.

Na hilo swali la inaingia wapi ndo linalowashinda kwenye Game Boy. Kuna katriji za enzi ya Game Boy Color zinazocheza kwenye Game Boy ya zamani pia, na kuna ambazo zinataka Color tu. Pokémon Gold na Silver zinacheza kote kuwili, Crystal inataka Color. Saiti inakulazimisha uchague kategoria moja, basi kila mchangiaji kachagua anavyojisikia, Gold iko Game Boy Color na gemu nyingine za tabia hiyohiyo ziko Game Boy. Dawa yake mbona ipo wazi, toleo moja liruhusiwe kuwa na mashine zaidi ya moja, yani "imetengenezewa" kimoja na "inacheza pia kwenye" kingine. Wangeweka hivyo wangetatua na Sonic & Knuckles kwa mkupuo huohuo, ile katriji ya 1994 yenye tundu juu ambayo ukiichomekea Sonic 3 unapata gemu moja kubwa. Kwa sasa huo muunganiko hauna pa kukaa, kuna mtu kauandika kwenye maelezo na kuna mwingine kaufungulia ukurasa kama gemu ya tatu inayojitegemea, na ukiwa na katriji zote mbili koleksheni inakuhesabia tatu. Sega CD na 32X, vile vifaa vya kuongezea kwenye Genesis, usiniulize, kuna magemu machache yanayotaka vyote viwili vichomekwe kwa pamoja, kama toleo la Night Trap la 32X, na ukisachi chini ya 32X hulioni.

Aina za magemu nazo. Unapewa kisanduku kimoja: mapigano, mbio, mafumbo, michezo, RPG (za kuigiza mhusika), na kadhalika. Portal ya 2007 unaiweka wapi, ni mafumbo lakini umeshika kitu kama bunduki na unaona kwa macho ya mhusika. ActRaiser ya 1990 nusu unaruka na kukata mashetani kwa upanga, nusu unajenga miji. Mimi naona aina ya gemu haikutakiwa kuwa kategoria kabisa, iwe tagi, mtu abandike mbili tatu anazotaka, maana aina ni maoni na mashine ni ukweli. Ukiyachanganya hayo mawili kwenye ngazi moja unapata ugomvi kwenye kurasa za mabadiliko ambao hauishi, na nimeuona, watu wazima wanabadilishiana kategoria ya gemu moja leo RPG kesho mapigano.

Kingine ni hali ya kitu. Bila boksi, kamili na boksi na kijitabu, haijafunguliwa. Hii wameiweka kwenye nakala yako, sio kwenye toleo, na hapo ndipo panapotakiwa. Ila yale matoleo ya bei nafuu yaliyochapishwa upya, Greatest Hits ya Marekani na Platinum ya Ulaya kwa upande wa PlayStation, Player's Choice kwa Nintendo, hayo nayo wameyatupa humohumo kwenye hali, kana kwamba lebo ya kijani pembeni mwa boksi la Greatest Hits ya PlayStation ya kwanza ni mchubuko. Hilo ni toleo lingine bhana, wakusanyaji wengine hawalitaki kabisa na wengine ndo wanalolitafuta, lipewe mstari wake.

Alafu kuna kategoria inaitwa Mengineyo. Humo utakuta padi, adapta, Power Glove (glavu ya kuchezea), midoli ya Skylanders na amiibo, vijitabu bila magemu yake, mpaka mashine za kuiga Famicom kama Dendy iliyouzwa Urusi kuanzia 1992. Kutafuta kitu humo ni kuchambua chuya kwenye gunia la mchele. Vile vya kuchomeka vingekaa chini ya konsoli yake, midoli ikafungwa na gemu inayoisoma, na mashine za kuiga zikapewa kategoria yake kwa sababu zina historia ndefu na wapo watu wanaozikusanya hizo tu.

Kwa magemu ya kudownload nilitegemea wavurunde ila wamejitahidi kiasi. Kuna swichi ya "ninayo kwa diski" na "ninayo kwa akaunti", na tangu duka la onlaini la konsoli za 3DS na Wii U lifungwe kwa manunuzi Machi 2023 wameongeza alama ya "haiuzwi tena". Kilichowachanganya ni zile kadi za Switch 2, konsoli iliyotoka Juni 2025, ambazo ndani hazina gemu yenyewe, unaichomeka ndo unadownload, na ukitaka kucheza lazima kadi iwe ndani ya mashine. Unaweza kuiazimisha, unaweza kuiuza, lakini gemu haimo. Kwa sasa wameziweka kwenye "diski au katriji" moja kwa moja. Sikubali. Mtu anayekusanya ili miaka ishirini ijayo aweze kucheza bila kutegemea seva ya mtu anahitaji kuzichuja hizo pembeni, na ni kazi ya kisanduku kimoja tu kwenye fomu.

Kuingiza vitu ni haraka kama una maboksi, unaskani barkodi na toleo linakuja lenyewe, ya Marekani tarakimu 12, ya Ulaya na Japani 13. Tatizo barkodi iko kwenye boksi, na sisi wengine katriji zetu ziko uchi. Hapo tumia kodi iliyoko kwenye lebo ya katriji yenyewe, DMG ni ya Game Boy, CGB ya Color, AGB ya Advance, na kwa diski za PlayStation ya kwanza na ya pili SLUS ni Marekani, SLES ni Ulaya, SLPS ni Japani. Sehemu ya kusachi inazikubali hizo kodi japo hawajaandika popote, na majibu yake ni sahihi kuliko kuandika jina.

Kama utajiunga, usianze kwa kupanga kwa kategoria zao. Tengeneza tagi zako mwenyewe kwanza, wanaruhusu bila kikomo, mimi nina ya mashine halisi inayocheza, ya eneo, na ya "kadi tupu" kwa zile za Switch 2, alafu filta zangu zote zinasoma tagi na kategoria zao naziacha zigombane zenyewe. Ila angalia kitu kimoja, ukitoa orodha yako kwenye faili la jedwali tagi zinakuja zote zimebanwa kwenye safu moja na zimetenganishwa kwa koma, kwahiyo ndani ya tagi usiweke koma hata siku moja. Nimewaandikia wasimamizi wakanijibu wanalifanyia kazi, na jibu hilohilo walilitoa pia kwa jamaa aliyeuliza habari ya Genesis na Mega Drive.