Vitu vya magari ya zamani na Safari Rally: kama ndo unaanza kukusanya, nunua kwa mpangilio huu

Watu wakija kwangu wakaona ukuta wenye beji, wilkapu, taa na makaratasi wanadhani nilinunua vyote kwa mpigo, kumbe ni miaka kumi na kitu ya kuokoteza kimoja kimoja, na hela nyingine zilipotea kabisa. Kwa hiyo napanga kwa jinsi ambavyo ningenunua leo kama ningekuwa naanza upya. Nazungumzia vya kwetu huku, vya enzi za Peugeot 404, Datsun na Landrover, na hasa vya mbio za magari za Safari Rally maana hapo ndo moyo wangu ulipo.

Namba moja kwangu ni karatasi. Programu rasmi za mashindano, ramani za njia, orodha ya washiriki, matokeo, picha, na vile vitabu vya maelekezo vilivyokuwa vinakuja na gari. Wengi wanaziruka wanakimbilia vyuma vinavyong'aa, na ndo maana bei yake bado iko chini, familia inahamisha nyumba ya mzee inakuta boksi la makaratasi inataka kulichoma, wewe ukiwa pale na elfu ishirini unaondoka nalo na wanakushukuru. Ila sababu kubwa siyo bei. Karatasi ndo itakayokusaidia kujua kama vitu vingine vyote ni vya kweli. Ona jina la mashindano lenyewe: yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari kwa sababu ya kutawazwa Malkia Elizabeth, 1960 yakawa East African Safari, halafu katikati ya miaka ya 70 ndo yakawa rasmi Safari Rally. Sasa mtu akikuletea kibao kimeandikwa Safari Rally 1958, mrudishie tu kwa upole. Vilevile kitu kilichochapwa "Tanzania" na mwaka 1963, wakati jina hilo limeanza kutumika 1964, kabla ya hapo utakuta Kenya, Uganda, Tanganyika. Ukishakuwa na programu mbili tatu mkononi haya mambo unayaona kwa sekunde moja.

Kwenye karatasi angalia pini za stepla, za zamani zinakuwa zimeliwa na kutu na kutu imeingia kwenye karatasi yenyewe, kopi mpya utakuta alama ya kutu imechapwa lakini ukipitisha kidole hakuna kitu. Ukipata matokeo ya 1963 au 1968 usiyaachie, hiyo ndo miaka ambayo magari saba tu yalimaliza. Na mimi kama Mtanzania natafuta sana za 1966 na 1967, alipochukua Bert Shankland mfululizo na Peugeot 404 akiwa anaishi hapa kwetu.

Namba mbili ni beji za shoo, zile zilizokuwa zinafungwa mbele ya gari, za chama cha magari cha Afrika Mashariki, za klabu na za mashindano. Hizi nazipenda kupita maelezo. Beji nzuri ya zamani ni shaba iliyochovywa kromu na rangi yake ni enameli, ile ile ya bakuli za bati za bibi, yaani ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Iguse na shavu, inakuwa baridi. Chukua sindano ujaribu taratibu pembeni ya rangi, enameli sindano inateleza, rangi ya plastiki inaingia. Kisha geuza nyuma, maana mbele kila mtu anapasafisha. Nyuma unataka kuona misumari ya kufungia iliyochakaa, nati ya zamani, na vumbi lililogandia kwenye nyuzi za skrubu. Ninayo moja nimekataa kuiosha nyuma mpaka leo, ina udongo mwekundu umekaukia pale pembeni ya nati, na enameli ya bluu imebanduka kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Fundi aliyeniuzia alitaka anipigie rangi pale palipobanduka nikamshika mkono. Kipande kilichobanduka hakishushi thamani sana, kilichopakwa rangi kinashusha kabisa. Hilo nalijua maana beji yangu ya kwanza niliuziwa hivyo, imepakwa rangi ya kucha, nikaja kugundua nyumbani nilipoifuta na asetoni.

Kwenye kundi hili weka na vile vibao vya duara la yai vya nchi, EAT ya Tanzania, EAK ya Kenya, EAU ya Uganda na EAZ ya Zanzibar, gari likivuka mpaka lilikuwa linabandikwa nyuma. Bei yake rahisi, ila vinatengenezwa vipya mpaka leo kwa hiyo lipa bei ya kipya kama huna uhakika.

Wilkapu na nembo za bodi nazipa nafasi ya tatu. Gerezani kwa Dar au Kirinyaga Road kwa Nairobi ukienda na subira unapata, na kwa wanunua vyuma chakavu pia, ila kule inabidi uwahi kabla mzigo haujaenda kuyeyushwa. Usinunue iliyochovywa kromu upya ukadhani ni ya zamani, herufi zake zinakuwa zimelainika kingo. Nunua moja moja, usisubiri nne zinazofanana.

Ya nne ni taa na redio. Taa za Cibié na Marchal zinapendeza sana ukutani, ila angalia kioo cha ndani, kikishapoteza ule weupe kama fedha kukirudisha ni gharama. Redio nunua tu kama unajua ilitoka kwenye gari gani, Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6, na gari nyingi za Kiingereza za miaka ya 50 na 60 bodi iliungwa na chanya ya betri siyo hasi, ukichomeka kienyeji kwenye betri ya leo umeua redio siku hiyo hiyo.

Mwisho kabisa, na kwa anayeanza nasema aache kwanza, ni vibao vya mbio vyenye namba ya gari la dereva maarufu. Kila muuzaji ana cha Joginder Singh au Shekhar Mehta. Yupo mmoja aliniambia kibao chake kilikuwa kwenye Datsun 240Z ya Mehta ya 1973, bei akataka kama ya pikipiki, nikamwomba picha moja tu ya gari likiwa nacho, hakuwa nayo. Bila picha au orodha ya washiriki inayoonyesha namba ile kwa dereva yule, hilo ni bati. Namba za usajili nazo ziache kabisa kama gari bado limesajiliwa, usije ukajiingiza kwenye matatizo na polisi.

Kama unaishi pwani, karatasi zisikae kwenye boksi la chini sakafuni, unyevu wa Tanga ulinilia ramani ya njia nzima msimu mmoja wa masika. Mimi sasa naweka kwenye bahasha za plastiki, juu ya kabati, na naondoa pini zenye kutu kwa mkono, nazihifadhi pembeni kwenye kikaratasi chake.