Singeli au amapiano, muziki upi mkali zaidi?

Amapiano imetoka Gauteng kule Sauzi, inaenda taratibu, kama biti 112 kwa dakika, na ile besi ya logi dramu inakuruhusu kucheza mabega tu glasi ikiwa mkononi, ndo maana TikTok ikaibeba dunia nzima, step zake kila mtu anaiga. Singeli yetu ya uswazi, Manzese na Tandale huko Dar, inapita biti 200 na MC anatiririka hapumui, sasa mgeni ataigaje ile miguu kwenye kavideo ka sekunde 15? Ila lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilivyoitoa 2017 hadi Ulaya wakapagawa. Klabu sawa, wekeni amapiano. Ila kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha, spika zimepangwa nje, vumbi linatimka, mi singeli tu aisee!